Shtaka la Popo wa Namoya

Salamabila, kusini mwa Maniema, kuna hadithi inayosimuliwa kwa uhakika kuliko bei ya dhahabu. Popo, husemwa, ni mbeba maradhi. Wazee walilijua hilo tangu enzi za misafara ya pembe, ndiyo sababu hawakumpenda. Basi akionekana shimoni, dawa yake ni moshi, moto na nyavu. Hadithi ina vipande vitatu, na kila kipande kinajifanya shahidi wa mwenzake: wazee walimwogopa, popo anaua, kwa hiyo auawe. Siuamini ushahidi unaojishuhudia wenyewe. Nani alilisema kwanza, na alikuwa ameona nini?

Mji huu umekaa juu ya dhahabu. Vilima vya Namoya vilianza kuchimbwa zama za Wabelgiji, miaka ya 1930, na hadi leo kreseri, wachimbaji wa mikono, wanashuka na tochi zao kichwani kuutafuta mshipa. Shimo linaloachwa halikai tupu. Humo ni giza mchana kutwa, kuna unyevu, upepo hauingii. Kwa aina kadhaa za popo hiyo ni nyumba tayari, hakuna cha kujenga. Kwa hiyo anayekutana na popo uso kwa uso, chini kwa chini, si mkulima wala mwindaji; ni mchimbaji. Basi hofu hii ilizaliwa kijijini ikashuka shimoni, au ilizaliwa shimoni ikapanda kijijini?

Nilianza na wazee, kama wanavyoanza wote. Barazani, mmoja aliyekula chumvi nyingi alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, wazazi wenu walisema nini juu ya popo?"

"Mwanangu, walisema anamaliza maembe."

"Na maradhi?"

"Hayo tumeyasikia redioni."

Jibu lilikuwa tamu mno, nami nikalitilia shaka kwa sababu ndilo nililolitaka. Kumbukumbu ya mzee mmoja si daftari. Wengine pale pale walimpinga: popo akiingia nyumbani, walisema, ni habari ya msiba, na hilo halikuanza na redio. Lakini msiba si homa, na mkosi si maambukizi. Kuna karatasi yoyote ya zamani inayoweza kuwaamua?

Karatasi za eneo hili zina taabu yake, nayo ni majina. Nyaraka za afya huandika Saramabila, watu husema Salamabila. Kabambare katika daftari za karne ya 19 ni Bambarre, na Maniema ni Manyuema. Anayetafuta kwa herufi za leo hutoka mikono mitupu. Nilipobadilisha herufi, njia ikajitokeza: Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo, hadi Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. Hii ndiyo njia iliyoingiza huku Kiswahili, Uislamu, mpunga na bunduki. Je, iliingiza pia hofu ya popo?

Msafiri Livingstone alikwama Bambarre kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imemjaa vidonda. Mtu aliyekaa kitako miezi yote hiyo, kalamu mkononi, nilimtegemea sana. Mwaka 1871 karatasi zilimwishia akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Maandishi yakafifia, hadi yalipotolewa tena hadharani mwaka 2011 kwa msaada wa kamera za mianga maalumu. Nilichokuta katika daftari zake ni vidonda, mvua, pembe, na sokwe aliyemwita "soko", ambaye alimshughulisha kurasa nyingi. Halafu Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wakipigwa risasi gulioni. Tippu Tip naye, mfanyabiashara wa pembe, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na ni vita, pembe na masultani. Shahidi niliyemtafuta sikumpata. Hofu iliyoandikwa Maniema wakati ule ilishika bunduki. Lakini mpita njia asiposema kitu, ni kwa kuwa hakikuwepo, au kwa kuwa hakuuliza?

Nikawaacha wasafiri, nikawafuata wapima mafuvu. Kati ya mwaka 1909 na 1915 msafara wa wanasayansi wa Kimarekani ulizunguka kaskazini mashariki mwa Kongo ukikusanya wanyama, na kitabu chao cha popo kikatoka mwaka 1917. Mwaka 1966 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yakatoa kitabu kizima juu ya popo wa Kongo, Rwanda na Burundi. Vitabu vya namna hii vinakupa urefu wa kigasha, umbo la fuvu, meno, mahali na tarehe. Havikupi kilichosemwa na mama mwenye nyumba popo alipoingia. Hata hivyo kuna mmoja humo aliyenisimamisha: popo kichwa-nyundo wa misitu ya mito ya Kongo. Dume ana pua iliyovimba, mabawa yakitandazwa hukaribia mita moja, na zoloto lake limejaza sehemu kubwa ya kifua. Usiku madume hukusanyika mitini kando ya mto, kila mmoja na tawi lake, wakipiga honi saa nyingi ili majike wachague. Ni wangapi wamelala wakisoma dua kwa sauti hiyo, kumbe ni posa?

Wapo walioniambia nisihangaike na misitu, hofu ilitoka pwani. Hoja yao ina uso wa ukweli. Kasongo ulikuwa mji wa Waungwana, Waislamu wa misafara, na katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Uswahilini, popo haliwi. Lakini kutomla mnyama si kumwogopa. Nguruwe naye haliwi, na sijaona anayemkimbia gizani. Kisha wakanitajia Popobawa. Mwaka 1995 watu wa Pemba walilala nje, makundi kwa makundi, wakikesha na moto, wakiogopa kivuli kinachowaingilia watu majumbani usiku. Hofu ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, na huko Unguja mgonjwa wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Ni kisa kizito. Lakini mwaka 1995 ni miaka mia na zaidi baada ya misafara ya Kabambare, na yule wa Pemba ni jini mwenye jina la popo. Hana harufu, hana kinyesi, hali maembe. Huwezi kuifungua kesi ya Namoya kwa kivuli cha Pemba. Basi kwa nini nilishindwa kuondoka Pemba?

Kwa sababu kisiwa hicho hicho, muongo huo huo, kilikuwa kinawaokoa popo wake. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwingine duniani. Mwaka 1996 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimweka daraja la hatari ya mwisho kabla ya kutoweka. Waliomfikisha hapo ni bunduki, mitego na shoka. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda. Kidike, wageni wakaanza kulipa kuwatazama wakining'inia. Mwaka 2008 daraja la hatari likapunguzwa. Sikukuta popote kwamba Wapemba walihubiriwa waache kwanza kuamini majini. Waliwatenganisha wawili hao wenyewe: wa mtini alindwe, wa usiku asomewe. Kama watu wanaweza kutofautisha kiasi hicho, ni nini kilichowachanganya watu wa mashimoni?

Njia ya pembe ilikuwa imeishia hapo. Ikabaki njia ya dhahabu. Mchimbaji hana kijiji kimoja. Shimo likikauka huku anasikia mshipa umeonekana kule, anafunga godoro lake na kuondoka, na habari zinasafiri naye pamoja na nyundo. Nikafuata njia hiyo kwa kurudi nyuma, kuelekea kaskazini, nikiuliza swali moja: ni shimo gani la dhahabu katika Kongo lililowahi kweli kuua watu kwa homa?

Jibu ni Durba, wilaya ya Watsa, Haut-Uele. Kati ya Oktoba 1998 na Septemba 2000 homa ya Marburg iliwashika watu 154 Durba na Watsa, na 128 kati yao wakafariki. Vita vilikuwa vimeenea, njia zimefungwa. Wachimbaji walikuwa na jina lao la homa ile ya kutoka damu miaka mingi kabla maabara haijatamka Marburg. Daktari mkuu wa eneo lile mwenyewe alifariki Aprili 1999. Wengi waliougua mwanzo wa minyororo ya maambukizi walikuwa vijana wanaoshuka chini, hasa katika shimo la Goroumbwa. Kisha maabara zikatoa jambo lililonifanya nisome mara mbili: virusi vya Durba havikuwa vya ukoo mmoja, vilikuwa vya koo zisizopungua tisa. Maana yake ugonjwa haukutoka ardhini mara moja ukaenea. Ulitoka, ukatoka tena, ukatoka tena. Goroumbwa ilipofurika maji, mlipuko ukakoma. Nani alikuwa akiishi mle?

Watafiti waliokamata wanyama wa Goroumbwa walikuta chembechembe za vinasaba vya Marburg katika popo mla matunda anayelala mapangoni, na katika aina mbili za popo wala wadudu. Kirusi hai hawakukipata. Mwenye haraka angefunga jalada hapo na kuandika "ana hatia". Lakini alama za miguu mlangoni hazisemi nani alivunja kufuli. Popo angeweza kuwa amepata maambukizi hayo kwa mwingine, kama mchimbaji mwenyewe alivyoyapata. Nani angeleta ushahidi usiopingika?

Uganda ilileta. Mwaka 2007 wachimbaji wachache wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg. Mgodini mlikuwa na popo zaidi ya laki moja, wa aina ile ile ya Goroumbwa, popo wa Misri mla matunda. Safari hii watafiti walitoa kirusi hai ndani ya popo wasioonyesha dalili ya kuugua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hapa shtaka limesimama, na wapenzi wa popo wasiopenda kulisikia nawaomba wavumilie: popo huyu, katika mapango na mashimo ya Afrika, ni makao ya kirusi cha Marburg. Kipande cha pili cha hadithi ya Salamabila kina ukweli ndani yake. Je, hicho kinatosha kukibeba cha tatu, kwamba auawe?

Wa Kitaka walijaribu, tena si kwa mzaha. Mwaka 2008 njia za mgodi zilizibwa kwa matete, vijiti na plastiki, nyavu za kuvulia samaki zikatandazwa, mizoga ikarundikwa msituni. Mgodi ukanyamaza. Baadaye popo wakaanza kurudi, kidogo kidogo, labda asilimia 1 hadi 5 ya waliokuwepo. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena Ibanda, kama kilomita 20 kutoka Kitaka: wagonjwa 15 waliothibitishwa na maabara, mlipuko mkubwa kuliko wowote wa homa hiyo Uganda iliokuwa imeuona. Novemba ya mwaka huo watafiti wakarudi mgodini na vifaa vyao. Kabla ya mauaji, popo wenye kirusi walikuwa asilimia 5.1. Sasa walikuwa asilimia 13.3. Kundi limeteketezwa, na kiwango cha maambukizi kimepanda zaidi ya maradufu. Inawezekanaje?

Maelezo ninayoyaona yana uzito ni haya. Popo wa Misri katika ukanda wetu huzaa mara mbili kwa mwaka, mtoto mmoja kwa kila uzazi. Wanaoshika kirusi kwa wingi ni vijana wa karibu miezi sita; wakipona wanabaki na kinga. Kundi kubwa lililotulia limejaa popo wakubwa wenye kinga. Ukiliua, nafasi hujazwa na wageni na vijana wasioijua homa, na moto uliokuwa ukififia unapata kuni mbichi za kutosha. Waliofanya utafiti wenyewe wanaiita dhana. Iwe dhana, takwimu zake si dhana. Nani aliyezipeleka Namoya pamoja na ule uvumi wa kuchoma?

Maana uvumi ulisafiri nusu. Kilichofika ni "popo ana Marburg". Hakikufika kilichotokea baada ya nyavu. Hakikufika pia kisa cha Uige, Angola, mwaka 2005, ambapo watu 252 waliugua na 227 wakafariki kwa ukoo mmoja wa kirusi uliopita mtu hadi mtu, wodini, majumbani na misibani. Wala cha Rwanda, mwaka 2024: mwanzo ulifuatiliwa hadi kwenye mgodi wenye popo wala matunda, lakini wengi walioumia walikuwa wahudumu wa afya, na kati ya wagonjwa 66 waliofariki walikuwa 15. Weka 15 kwa 66 ya Rwanda kando ya 128 kwa 154 ya Durba. Popo ni yule yule. Sehemu ya kilichobadilika ni nini kama si maji ya drip na kumtambua mgonjwa mapema?

Redio ya yule mzee, hata hivyo, haikutaja Marburg. Ilitaja Ebola. Kwa hiyo nililazimika kufungua jalada la pili, nalo ni chafu zaidi. Yambuku, 1976: wagonjwa 318, vifo 280, na sindano chache zilizopita kutoka mkono hadi mkono bila kuchemshwa. Mwaka huo huo Nzara, Sudan ya wakati ule, wagonjwa wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na darini mwa kiwanda walilala popo. Shaka ikazaliwa hapo, shaka tupu. Kikwit, 1995: watafiti walikusanya wanyama zaidi ya 3,000, wakawapima, wasipate kirusi. Miaka karibu 20 ya kutafuta, na mikono mitupu. Nani basi aliyeiambia redio?

Labda yalikuwa matokeo ya mwaka 2005, kutoka Gabon na Kongo-Brazzaville. Vipande vya vinasaba vya Ebola na alama za kinga vilionekana katika aina tatu za popo wala matunda, mmojawapo yule kichwa-nyundo mpiga honi. Ni habari nzito, na vichwa vya habari viliikuza kuliko wenyewe walioiandika. Vipande, si kirusi hai. Kisha ikaja Luebo, Kasai, 2007, ambako wachunguzi waliunganisha mlipuko na popo wahamaji waliowindwa kando ya mto Lulua. Mnyororo wao unapita kwa mwanamume aliyenunua popo na binti yake mdogo, na katikati yake kuna viungo vya kukisia. Guinea, 2013: mti wenye uwazi ndani, popo wala wadudu, mtoto mdogo wa Meliandou. Mti ulikuwa umeungua kabla watafiti hawajafika, walipima majivu. Tangu 1976 hadi leo, je, kuna aliyetoa Ebola hai ya aina iliyoua Yambuku kutoka mwilini mwa popo?

Hakuna. Kwa Ebola popo ni mshukiwa mkuu, na mshukiwa si mfungwa. Upande wa pili ushahidi umejaa. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, watu 3,470 na vifo 2,287, ulikwenda kwa miguu ya binadamu: kituo cha afya, mazishi, pikipiki. Guinea mwaka 2021 Ebola ilirejea, na vinasaba vilionyesha imetoka kwa mtu aliyenusurika mlipuko wa miaka ya nyuma, si msituni. Haya yote yamo hadharani. Kwa nini basi mabango bado yanamchora popo kwanza?

Nina dhana yangu. Popo hana wa kumtetea barazani, na kumchora hakumuudhi mtu. Kuchora sindano chafu kungeudhi. Lakini nao watetezi wa popo wana la kujibu. Kuna makala za kumpamba zinazosema hana madhara kabisa, ni malaika mwenye mabawa, hofu zote ni ujinga. Kijana wa Durba aliyemzika kaka yake hawezi kusoma hayo bila kucheka kwa uchungu, na akishagundua umemdanganya kwa Marburg hatakuamini kwa mbegu. Na kwa mbegu, popo ana nini cha kuonyesha?

Anao mvule, ambao wauza mbao wa Kongo huuita kambala. Popo wa rangi ya majani makavu, mkubwa, anayelala mitini kwa maelfu hata katikati ya miji, hula tunda lake na kuidondosha mbegu akiwa angani, mbali na mti mama. Utafiti wa Ghana ulikadiria anaweza kuipeleka mbegu ndogo hadi kilomita 75. Mwingine ulichukua kundi la Accra la popo 152,000 ukakisia mbegu 338,000 kwa usiku mmoja. Makadirio, nayachukua kwa tahadhari. Lakini ndege kwa kawaida hawafiki umbali huo, na tembo wanazidi kupungua. Ua la msufi na la mbuyu hufunguka usiku. Anayelifikia kwa wingi ni popo. Ukiwaua, kambala wa wajukuu atapandwa na nani?

Popo huyo huyo wa kambala ana safari inayotuhusu. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba makundi yake hukusanyika Kasanka, kaskazini mwa Zambia, karibu na mpaka wa Kongo. Watalii waliambiwa ni milioni 8, milioni 10. Hesabu ya kamera ya mwaka 2019 ilileta kati ya laki 7 na nusu na karibu milioni moja. Bado ni wengi mno, ila hesabu ya kweli ni karibu sehemu ya kumi ya ile ya kujisifu, na nimeiandika hapa kwa sababu watetezi nao hupenda sifuri za ziada. Waliofungwa vifaa vya satelaiti waliondoka Kasanka wakarudi kaskazini, ndani ya Kongo. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na orodha ya kimataifa imemweka karibu na hatari. Anayechoma mti wa popo Kongo anajua kwamba ameufikia msitu wa Zambia?

Nikarudi Namoya na swali ambalo, nadhani, lingepaswa kuulizwa mwanzo: popo yupi? Hadithi ya mji inasema "popo" kama kwamba ni mmoja. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400. Wanywa damu ni aina tatu tu, wote Amerika, hapa hakuna. Yule mdogo wa chini ya mabati, mwenye kinyesi kikavu kama cha panya, anakula wadudu. Yule mkubwa wa mtini analala kwenye mwanga na kuona kwa macho. Wa Marburg ni mwingine: mla matunda anayeweza kuishi gizani kabisa, kwa kuwa hupiga ulimi na kusikiliza mwangwi. Huyo ndiye anayeweza kuingia ndani kabisa ya shimo lililoachwa. Na kwa wanaoogopa kichaa, kinga ya kwanza si kumkimbia popo: karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mnyama hung'atwa na mbwa. Basi kati ya hawa wote, Salamabila inapaswa kumfanyia nini yule mmoja?

Simuamini anayesema muue, Kitaka imemjibu. Simuamini anayesema mzoee, Durba imemjibu. Kipande cha kwanza cha hadithi, kwamba wazee walijua, sikukipatia shahidi, na sioni kwamba kinahitajika: asemaye "wazee walisema" hapo anaazima ndevu za watu kulinda habari ya juzi.

Wewe PDG, mkubwa wa shimo, ukikuta handaki la zamani lina popo wengi wenye macho makubwa, sakafu ina maganda ya matunda na tope la kinyesi, liache na uwaache. Usiwashe moto mlangoni, usitege wavu, usimtume kijana kuwaokota. Tunda lililotafunwa lisiliwe, hata na mtoto. Popo aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Walio mitini na chini ya mabati hawana kesi ya kujibu. Wakikukera darini, ziba matundu usiku wakishatoka, tena wasiwemo watoto wasioweza kuruka.

Na wewe kreseri, ukipata homa ndani ya siku 21 tangu utoke katika shimo la namna hiyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa mwambie muuguzi jina la shimo. Marburg huanza kama malaria: kichwa, homa kali, mwili kuuma. Kipimo cha malaria hakiwezi kumwambia ulikoingia.